Jiwe katika meno

Mzee Yosefu wa Bukavu alikuwa na meno yake yote 32. Lakini kila asubuhi alipoyasugua, fizi zake zilitoka damu. Akaogopa, akasema: «Mswaki unaniumiza.» Akaacha kusugua mahali penye damu. Kinywa kikaanza kunuka, na jino moja la mbele, la chini, likalegea.

Binti yake Maria akamwambia: «Baba, twende hospitali kwa mganga wa meno.» Wakaenda.

Mganga alinawa mikono, akamkalisha Yosefu kitini, akatazama kinywani kwa kioo kidogo. Maria naye akatazama. Nyuma ya meno ya chini palikuwa na kitu kigumu, cha rangi ya kahawia.

Maria akauliza: «Bwana mganga, jiwe hilo limetoka wapi?»

Mganga akajibu: «Kila siku ukoga hushika juu ya meno. Ni utando laini wenye vijidudu vingi mno. Mswaki huuondoa. Lakini ukiachwa, chokaa iliyo ndani ya mate huugeuza kuwa jiwe. Hapo mswaki hauwezi tena. Vijidudu hukaa juu ya jiwe hilo, na fizi huvimba. Polepole ufizi huachana na jino, na mfupa unaolishika huliwa. Mvua ikiondoa udongo kando ya nguzo ya nyumba, je, nguzo itasimama?»

Kisha alitwaa chombo chembamba chenye ncha. Akakwangua jino moja moja, hata chini ya ukingo wa ufizi. Vipande vya jiwe vikaanguka. Damu kidogo ikatoka. Yosefu akasukutua kinywa kwa maji, akatema. Mwishowe mganga akayasugua meno kwa brashi ndogo inayozunguka, mpaka yakawa laini.

Akasema: «Baba, mfupa ulioliwa haurudi kama zamani. Lakini uliobaki tunaweza kuulinda. Usiache kusugua penye damu, maana ndipo penye ukoga. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye fluori, asubuhi na kabla ya kulala. Safisha katikati ya meno vilevile. Kisha urudi, nitazame tena.»

Yosefu alifuata shauri hilo. Baada ya majuma machache, fizi zake hazikutoka damu tena. Jino lile halikung'olewa.

Na Maria? Jioni ile hakungoja kuambiwa. Alitwaa mswaki wake, akasugua meno yote, mbele na nyuma.

Maulizo
1. Kwa nini Yosefu aliacha kusugua meno? Je, alifanya vema?
2. Ukoga hugeukaje kuwa jiwe?
3. Mganga aliondoaje jiwe lile?
4. Fizi zako zikitoka damu, utafanya nini?