Rafiki kanialika kwa Wachina, nami naogopa kwenda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 41, mkulima wa kahawa huku Isansa, wilayani Mbozi. Mwezi ujao nakwenda Dar es Salaam kumpeleka binti yangu chuo. Huko yuko rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, ana kazi nzuri. Nilipompa habari alifurahi mno, akasema Jumapili mchana atanipeleka mgahawa wa Kichina tukale dim sum.

Niliitikia, lakini tangu siku hiyo sina raha. Baada ya kuolewa nilibatizwa Usabato: sili nguruwe wala kamba, na chai ya majani sinywi. Yeye hayo hayajui. Vijiti sijawahi kuvishika. Marehemu baba alifanya kibarua na Wachina wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, na alikuwa akituambia wanakula vitu ambavyo sisi hatuvigusi. Kubwa zaidi, nikishalipa ada sitakuwa na hela ya kuchangia bili. Nafikiria kumwambia kwamba binti anaumwa. Je, nitakuwa nimekosea?

Mama wa Isansa

Marahaba mwanangu,

Ndiyo, utakuwa umekosea. Usimsingizie mtoto ugonjwa. Rafiki aliyekufurahia namna hiyo akisikia binti anaumwa ataacha shughuli zake aje kumwona, nawe itakubidi umtafutie uongo wa pili. Isitoshe, huna kosa lolote la kuficha. Imani yako si aibu, na kumlipia mwanao ada si aibu.

Mpigie simu wiki hii. Mwambie: "Rafiki yangu, nimeshukuru sana kwa mwaliko. Siku hizi mimi ni Msabato, sili nguruwe wala kamba, na chai ya majani nimeacha. Je, hapo nitapata cha kula?" Basi. Maneno hayo kwenye simu ni mepesi. Ukingoja uyaseme chakula kikiwa mezani, yatakuwa mazito kwako na kwake, kwa kuwa naye ataona aibu ya kukuagizia usichokula.

Nakuhimiza kusema mapema kwa sababu ya chakula chenyewe. Dim sum asili yake ni Guangdong, kusini mwa China, na Hong Kong. Ni vitafunio vya aina nyingi vinavyoliwa asubuhi hadi mchana pamoja na chai. Vingi hupikwa kwa mvuke na kuletwa ndani ya vikapu vidogo vya mianzi, vipande vitatu au vinne kila kikapu, vikawekwa katikati ya meza watu wale pamoja. Zile dim sum mbili zinazopendwa kuliko zote, har gau na siu mai, ndizo zitakazokusumbua: ya kwanza hujazwa kamba, ya pili nguruwe, mara nyingi na kamba pia. Hata keki ya figili, ukiiona ni mboga tupu, kwa kawaida hutiwa soseji ya nguruwe na kamba wakavu. Kwa hiyo usikisie kwa macho. Mwache mwenyeji wako aulize jikoni, hata kuhusu mafuta, maana vitu vingine huokwa kwa mafuta ya nguruwe.

Cha kula hakikosekani. Miguu ya kuku, ambayo hata kwetu inaliwa, kwao ni chakula cha heshima: hukaangwa, kisha hupikwa taratibu kwa mvuke na viungo mpaka inalainika. Iko mikate laini yenye kuku au utamu ndani, na mboga za majani. Kuhusu kinywaji, kwenye meza hizo iko desturi ya kunywa maua ya krisanthemamu yaliyotiwa maji ya moto, wala hayana majani ya chai. Alichosimulia baba yako ni cha kambi ya wajenzi wa reli ya miaka ya 1970. Kisikutishe.

Vijiti visikunyime usingizi. Omba kijiko au uma bila kunong'ona. Ukitaka kujaribu vijiti, jaribu, ila usivisimamishe wima ndani ya bakuli la wali, kwa kuwa kwao ndivyo ubani wa wafu unavyochomekwa. Ukishika birika, mmiminie mwenzako kwanza ndipo ujimiminie.

Sasa bili. Kwetu anayealika ndiye anayelipa, na rafiki yako analijua hilo. Watu wa Guangdong wenyewe hugombania bili, kila mmoja akitaka heshima ya kuwalipia wenziwe. Usiigombanie. Mshukuru kwa sauti, mwombee baraka. Unatoka Mbozi, wilaya ya kahawa: kama jirani zako wanakaanga na kusaga yao, mbebee kiasi, pamoja na maharage ya shambani. Si malipo. Umpe siku ya kwanza, ukifika, ili asidhani unarudisha deni la chakula.

Mwanangu, miaka yote hii mmeachana kwa umbali na kwa kipato, na bado amekukumbuka. Anachotaka ni kukaa nawe. Ukijificha, utakuwa umemnyima hicho, na yeye hatajua kwa nini. Piga simu, useme kweli, kisha uende.

Shangazi