Lazuliti: Fosfati ya Buluu na Namna ya Kuitambua

Katika miaka ya 1950 mgodi wa Mpanda ulitoa risasi, shaba, fedha na dhahabu. Hata leo wachimbaji wadogo wa Mkoa wa Katavi hutafuta dhahabu na shaba. Kwa mtafuta shaba, doa la buluu mwambani ni habari njema. Lakini si kila buluu ni dalili ya shaba, na anayechimba kwa kufuata rangi peke yake huweza kupoteza nguvu na fedha bure.

Buluu ya shaba ni azuriti. Hii ni kabonati ya shaba, nayo hutokea pale mbale za shaba zinapofikiwa na hewa na maji. Lazuliti ni kitu kingine kabisa. Ni fosfati ya magnesi na alumini, yenye fomula MgAl₂(PO₄)₂(OH)₂. Rangi yake hutokana na chuma kinachoshika nafasi ya sehemu ya magnesi, wala haihitaji shaba. Majina ya madini haya mawili yana asili moja, yaani neno la Kiajemi la jiwe la buluu, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa.

Lazuliti hupatikana katika miamba geu, hasa kwatsiti, na katika mishipa ya kwatsi na pegmatiti. Fuwele zake mashuhuri hutoka Rapid Creek, katika eneo la Yukon nchini Kanada. Miamba ya Ubende iliyoko Mpanda nayo ni miamba geu, yenye umri wa takriban miaka bilioni 2. Kwa hiyo inafaa mwanafunzi wa huko ajue kupambanua mawe haya.

Majaribio matatu yanatosha:

1. Sugua jiwe juu ya kigae kisicho na rangi ya kung'aa. Azuriti huacha unga wa buluu, lazuliti huacha unga mweupe.

2. Dondosha tindikali hafifu ya haidrokloriki, mbele ya mwalimu. Azuriti hutoa povu la kaboni dayoksaidi, lazuliti haitoi.

3. Kwaruza kwa kisu cha chuma. Azuriti, yenye ugumu wa 3.5 hadi 4, hukwaruzika upesi. Lazuliti, yenye ugumu wa 5.5 hadi 6, hukwaruzika kwa shida au haikwaruziki.

Zoezi: Jiwe la buluu limeacha unga mweupe, halikutoa povu, lakini limekwaruzika kwa kisu. Je, ni lazuliti? Fikiria apatiti, fosfati ya kalsi yenye ugumu wa 5, kabla ya kujibu.