Mtandao Usio na Waya Shuleni: Kuufunga na Kutafuta Hitilafu

Kompyuta za shule zinapokosa mtandao, lawama ya kwanza hukiangukia kifaa cha kurushia mawimbi, na fedha za kununulia vitabu au kemikali za maabara huenda zikanunua kifaa kingine. Hata hivyo, hitilafu yaweza kuwa mahali pengine kabisa. Somo hili laeleza utaratibu wa kuitafuta kabla ya fedha kutumika.

Jinsi kifaa kinavyofanya kazi

Kifaa hiki ni redio ndogo yenye kupeleka na kupokea. Upande mmoja kimeunganishwa na ruta kwa waya. Upande wa pili huwasiliana na kompyuta kwa mawimbi. Kanuni zake za kwanza, ziitwazo 802.11, zilitolewa mwaka 1997. Vifaa vingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Mwendo wa mawimbi ya redio ni mita 300,000,000 kwa sekunde; kwa hiyo urefu wa wimbi moja ni 300,000,000 ÷ 2,400,000,000 = mita 0.125, yaani sentimita 12.5.

Mahali pa kukifunga

Katika uwazi, umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu ya mawimbi hubaki robo. Ukuta wa zege huyanyonya mawimbi, na bati huyarudisha. Basi kifaa kifungwe juu ukutani, karibu na katikati ya watumiaji, mbali na makabati ya chuma. Waya wa kawaida wa shaba unaokiunganisha na ruta usizidi mita 100. Vifaa vilivyo jirani vigawiwe chaneli zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Neno la siri liwekwe, maana mawimbi hayazuiwi na ua wa shule.

Kutafuta hitilafu

1. Jina la mtandao halionekani: umeme wa kifaa ukaguliwe.

2. Jina laonekana, lakini kompyuta inakataliwa: neno la siri liandikwe upya, herufi kubwa na ndogo zikizingatiwa.

3. Kompyuta imeunganishwa, lakini anwani yake inaanza na 169.254: imejipa anwani yenyewe kwa kuwa haikupewa na ruta. Waya kati ya kifaa na ruta ukaguliwe, kisha ruta yenyewe.

4. Anwani imetolewa na ruta, lakini kurasa hazifunguki: kompyuta nyingine iunganishwe na ruta kwa waya. Nayo ikikosa, kifaa cha mawimbi hakina lawama. Hitilafu iko kwenye ruta au kwa kampuni iletayo huduma.

5. Mawimbi huja na kupotea: kompyuta isogezwe karibu na kifaa. Hali ikitengemaa, kizuizi ni umbali au ukuta. Isipotengemaa, chaneli ibadilishwe.

Kama ilivyo katika maabara, kila jaribio libadilishe jambo moja tu, na matokeo yaandikwe.

Zoezi

(a) Tafuta urefu wa wimbi lenye masafa ya gigahezi 5.
(b) Kwa nini haifai kubadili chaneli na kuhamisha kifaa kwa wakati mmoja?