Minyoo wangu wanapanda kwenye kifuniko

SWALI: Nafuga minyoo wekundu wa mboji kwenye ndoo ya plastiki uani. Nawalisha kila siku: maganda, wali uliobaki, machicha ya nazi. Sasa ndoo inanuka na kila asubuhi nawakuta wamejazana kwenye kifuniko. Wanataka nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Wanataka hewa, dada yangu. Mnyoo hana mapafu. Anapumulia ngozi yake, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu. Chakula kikizidi kinachacha, kinakula hewa yote na kutoa joto na gesi kali. Hapo atapanda popote penye nafuu.

Acha kulisha kwa wiki moja. Toa wali na machicha yote (machicha yana mafuta, wape kuku). Kisha changanya taratibu maboksi yaliyochanwachanwa, majani makavu au usumba wa nazi uliolowekwa na kukamuliwa. Ukifinya konzi moja ya matandiko hayo, yatoke matone mawili matatu tu. Yakichuruzika, ongeza makavu na uangalie kama matundu ya chini hayajaziba.

Joto la Tanga nalo si mchezo. Minyoo hawa hustawi kwenye nyuzi 15 hadi 25 hivi. Zikipita 35 huanza kufa. Weka ndoo kivulini, mbali na bati.

Ukirudi kulisha, wape kidogo na ukifukie: maganda ya ndizi, mchicha, maganda ya mayai yaliyopondwa. Malimau, vitunguu, chumvi na nyama, hapana. Usiongeze kingine kabla hicho hakijaisha.