SOMO LA WIKI: Toshiba T3100 na hesabu ya kompyuta isiyo na betri

Anayenunua mashine ya kazi hulipia mambo mawili: kile anachokipata na kile anachokubali kukikosa. Kompyuta ya Toshiba T3100 ni mfano mzuri wa hesabu hiyo.

Kampuni hiyo ya Japani iliitoa T3100 mwaka 1986. Wakati huo kompyuta nyingi za kubebeka zilikuwa dhaifu kuliko za mezani. Hii ilikusudiwa kuchukua nafasi ya ile ya mezani. Ilikuwa na chipu ya Intel 80286 yenye kasi ya megahezi 8, jamii ileile iliyotumika katika IBM AT, kumbukumbu ya kilobaiti 640 na diski ngumu ya megabaiti 10. Kioo chake cha plazma kilitoa maandishi ya rangi ya machungwa yaliyosomeka vizuri.

Je, mnunuzi alikosa nini? Kioo hicho kilikula umeme mwingi, hivyo mashine haikuwa na betri. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 7 na ilitegemea soketi ya ukutani. Mhasibu anayehama kutoka ofisi moja hadi nyingine alifaidika. Wakala anayefanya kazi ndani ya treni hakufaidika. T5100 ya 1987 na T5200 ya 1989 zilifuata mkondo huo zikiwa na chipu ya 80386.

Pigo lilitoka nje ya kiwanda. Aprili 1987, serikali ya Rais Ronald Reagan wa Marekani ilitoza ushuru wa asilimia 100 kwa baadhi ya bidhaa za Japani, zikiwamo kompyuta za aina hii, kutokana na mgogoro wa biashara ya chipu. Mashine ilikuwa ileile, lakini hesabu ya muuzaji ilivurugika. Toshiba ilijibu kwa kuziunganisha kompyuta hizo huko Irvine, California.

Mwenye hisa naye ana la kujifunza. Toshiba ilikuwa miongoni mwa majina makubwa ya kompyuta za kubebeka katika miaka ya 1990. Hata hivyo, mwaka 2018 iliiuzia Sharp asilimia 80.1 ya biashara hiyo kwa takriban yeni bilioni 4, na mwaka 2020 ikaachia asilimia 19.9 iliyobaki. Desemba 2023 hisa za Toshiba zenyewe ziliondolewa katika Soko la Hisa la Tokyo.

Mambo ya kuzingatia:

1. Kabla ya kununua, uliza mashine itafanyia kazi wapi, si kasi yake tu.

2. Anayeagiza bidhaa nje apige hesabu ya ushuru kabla ya hesabu ya faida.

3. Bidhaa bora ya leo si dhamana ya hisa bora ya kesho. Kinachomlisha mwenye hisa ni faida inayobaki, si sifa ya mashine.