Jumba la jirani lanisukumia maji

SWALI: Tajiri kutoka mjini amenunua kiwanja jirani na changu hapa Mlabani, Ifakara. Ameinua msingi kwa kifusi, anajenga ghorofa, na ukuta wake umeziba njia na mfereji wa maji. Masika yakija nitazama. Nifanyeje?

JIBU: Utajiri wake si kosa, na kununua kihalali ni haki yake. Kosa ni kukuelekezea maji. Ifakara ni bonde; Mto Lumemo ukifurika, kiwanja kilichoinuliwa huyasukuma maji kwa aliye chini.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi, ukiambatanisha picha za mfereji. Kisha nenda idara ya mipango miji ya Halmashauri ya Mji wa Ifakara, uulize kama ana kibali cha ujenzi na kama ramani yake inaonyesha njia hiyo. Nenda sasa, kabla ukuta haujakamilika: kuzuia ujenzi ni rahisi kuliko kubomoa. Kama nyumba iko kando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Mkishindwa kuelewana, Baraza la Kata litawapatanisha. Tangu 2021 halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Naye jirani huyo akikushawishi umuuzie kiwanja chako, usisaini lolote bila mwenzi wako kuridhia.