SOMO LA MWEZI: JITAYARISHE KABLA YA MVUA KUBWA

Mkulima hungoja mvua kwa jembe na mbegu, na hilo ni jema. Lakini mvua hiyo hiyo iletayo chakula yaweza kuchukua nyumba, ng'ombe na watoto kwa usiku mmoja. Somo hili ni juu ya kazi za kufanya sasa, wakati ardhi ingali kavu.

Mambo yaliyotokea

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia yake ya chini ilizibwa na takataka. Tuta likabomoka, na maji yakawakuta watu wamelala. Watu zaidi ya 40 walikufa. Novemba 2019, huko Pokot Magharibi, udongo wa mlima uliporomoka juu ya nyumba, na huko pia ilikuwa usiku. Basi twajifunza mambo mawili: maji yakizibwa hutafuta njia nyingine, na hatari haingoji kupambazuke.

1. Shamba

Tembea shambani pamoja na jirani zako. Zibueni mitaro yote, maana mtaro uliozibwa kwako huharibu shamba la mwenzako. Tengeneza matuta yaliyobomoka na panda majani ya Napier juu yake. Lima kwa kukata mteremko, usilime kuteremka. Usijenge nyumba wala zizi ukingoni mwa mto. Kama unakaa chini ya mlima, angalia dalili hizi: nyufa mpya ardhini, miti inayoinama, milango inayoanza kukwama, na chemchemi inayotoa maji ya matope ghafula. Ukiziona, hama mara moja na mwarifu chifu.

2. Nyumba

Weka hati ya shamba, vitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto na karatasi za mkopo ndani ya mfuko wa plastiki usiopenya maji. Mfuko huo ukae mahali pamoja, nao ujulikane na wote. Karibu yake weka tochi, redio ndogo, kiberiti, dawa, blanketi na unga wa siku tatu. Magunia ya mahindi yasikae sakafuni. Yainue juu ya mbao. Mbegu za msimu ujao ziweke mahali pa juu kabisa, maana akipoteza mbegu mtu hupoteza mavuno mawili.

3. Watu wa nyumbani

Mvua haiulizi kama baba yuko safarini. Kwa hiyo gawaneni kazi mapema: nani atambeba mtoto mdogo, nani atamshika nyanya mkono, nani atachukua mfuko wa hati, nani atafungua zizi. Chagueni mahali pa juu pa kukutana, kisha mwende huko na watoto mara moja wakati wa mchana. Mtu yeyote asivuke maji yaendayo kasi, hata kama yanafika magotini tu. Gari pia huchukuliwa.

4. Mifugo

Ng'ombe aliyefungwa kamba hawezi kuogelea, mfungulie mapema. Tena, mvua kubwa huleta mbu, na mbu huleta homa ya Bonde la Ufa, kama ilivyotokea mwaka 1997 na mwaka 2006. Mwulize afisa wa mifugo juu ya chanjo kabla ya mvua, kwa kuwa ugonjwa ukiisha kuingia, sindano ya chanjo yaweza kuueneza. Ng'ombe wakitupa mimba kwa wingi, mpashe afisa habari upesi. Usile nyama ya mnyama aliyekufa wala usimchune.

5. Maji yakipungua

Usirudi nyumbani kabla hujachunguza kuta. Usiguse waya wa umeme ulioanguka. Chemsha maji ya kunywa yote, kwa kuwa choo kilichojaa maji huchafua kisima, na hapo kipindupindu huingia.

Maswali ya kujibu nyumbani jioni ya leo

1. Hati zetu ziko wapi?
2. Tukiamshwa usiku, tutapitia njia ipi?
3. Mtaro gani wa jirani tutausafisha pamoja juma hili?

Kama hamna jibu kwa swali lolote, hiyo ndiyo kazi yenu ya kesho asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.